Video Inapokwama: Jinsi ya Kupima Utiririshaji wa Picha katika Intaneti

Mwalimu wa biolojia amewakusanya wanafunzi wake wa kidato cha tatu mbele ya kompyuta moja ili watazame namna moyo wa mwanadamu unavyosukuma damu. Kabla ya kipindi kuanza amepima kasi ya intaneti kwa programu iliyomo katika simu yake, akapata megabiti 4 kwa sekunde. Video anayokusudia kuwaonyesha inahitaji megabiti 2 tu. Kwa hesabu hiyo hapana sababu ya kuhofu. Lakini mara tu vali ya kwanza ya moyo inapoanza kufunguka picha inaganda, kiduara kinazunguka katikati ya kioo, na darasa zima linangoja. Picha inaendelea kidogo, kisha inaganda tena. Kipindi cha dakika 40 kinakwisha kabla damu haijafika kwenye mapafu.

Je, kipimo cha mwalimu kilikuwa cha uongo? La, kilikuwa cha kweli. Ila kilijibu swali jingine. Mwalimu aliuliza, "Mtandao una kasi gani?" Alilohitaji kujua ni hili: "Je, wanafunzi wangu wataona somo bila kukatizwa?" Maswali haya mawili hufanana, lakini si mamoja. Katika makala haya tutaeleza jinsi video inavyosafiri katika intaneti, vipimo vinavyofaa kutumiwa ili kujua kama inasafiri vizuri, na makosa ambayo hata wataalamu wameyafanya katika kuvisoma vipimo hivyo.

PICHA HUGEUZWAJE KUWA NAMBA?

Picha ya video ni picha nyingi zilizosimama, zinazoonyeshwa upesi moja baada ya nyingine, aghalabu 25 au 30 kwa kila sekunde, hata jicho likadhani linaona mwendo. Kila picha imefanywa kwa nukta ndogo ziitwazo pikseli. Tuchukue picha yenye upana wa pikseli 1,920 na kimo cha pikseli 1,080. Tukizidisha tunapata pikseli 2,073,600. Rangi ya kila pikseli huandikwa kwa tarakimu 24 za sifuri au moja, na kila tarakimu ya namna hiyo huitwa biti. Kwa hiyo sekunde moja yenye picha 25 ingehitaji biti 1,244,160,000, yaani zaidi ya megabiti 1,244. Ni mitandao michache mno ya simu iwezayo kuubeba mzigo kama huo.

Ndiyo sababu video hubanwa kabla ya kutumwa. Picha mbili zinazofuatana hazitofautiani sana: mwalimu husogeza mkono, lakini ukuta ulio nyuma yake hubaki vile vile, na hapana haja ya kuutuma ukuta huo upya mara 25 kwa sekunde. Kanuni za kubana, kama ile iitwayo H.264 iliyotolewa mwaka 2003, hutuma picha moja kamili, kisha hutuma tofauti zake tu. Kwa njia hiyo video ya ukubwa tulioutaja huweza kupita katika megabiti 5 hivi kwa sekunde, ambazo ni sehemu moja tu katika sehemu 250 za mzigo wa awali.

Hapa msomaji aangalie jambo moja ambalo huwakosesha wengi hesabu. Kasi ya mtandao hupimwa kwa biti, bali ukubwa wa faili, pamoja na kifurushi cha data tunachonunua, hupimwa kwa baiti; na baiti moja ni biti 8. Video ya dakika 40 inayotumia megabiti 1 kwa sekunde ina megabiti 2,400, nazo ni sawa na megabaiti 300. Mwanafunzi asiyejua tofauti hii hushangaa kifurushi chake kimekwenda wapi.

TANGI LA AKIBA

Zamani mtu aliyetaka kutazama video ya intaneti alilazimika kuipakua yote kwanza, ndipo aifungue. Kutiririsha maana yake ni kutazama mwanzo wa video wakati sehemu zake za mbele zingali njiani. Ili jambo hili liwezekane, video hukatwa vipande vifupi, kila kimoja cha sekunde chache, na chombo cha mtazamaji huviagiza kimoja baada ya kingine. Utaratibu mmoja wa kufanya hivyo, uitwao DASH, ulitangazwa kuwa kanuni ya kimataifa mwaka 2012.

Vipande vinavyofika kabla ya wakati wake wa kuonyeshwa huwekwa katika akiba, ambayo mafundi huiita bafa. Akiba hiyo tunaweza kuilinganisha na tangi la maji la shule. Bomba kutoka mtoni hulijaza tangi, na wanafunzi hulipunguza kwa mabomba yaliyo chini yake. Maadamu ndani ya tangi mna maji, wanafunzi hawajui kama bomba la mtoni limepungua nguvu au hata limekauka kwa kitambo. Siku tangi litakapokwisha ndipo watakapojua. Vivyo hivyo video hukwama pale tu akiba inapofika sifuri. Na ikikwama, chombo hungoja akiba ijae kidogo ndipo kiendelee. Haba na haba hujaza kibaba.

Mfano huu hutuwezesha kupiga hesabu. Tuseme video ina urefu wa sekunde T, inahitaji megabiti v kwa sekunde, nao mtandao hutoa megabiti k kwa sekunde bila kubadilika. Iwapo k ni kubwa kuliko v, akiba haiishi. Iwapo k ni ndogo kuliko v, mtazamaji asiyetaka kukatizwa hana budi kungoja mwanzoni kwa sekunde M, ambazo ni:

M = T × (v − k) ÷ k

Kwa mfano, video ya dakika 10 (sekunde 600) inayohitaji megabiti 1.5 kwa sekunde, katika mtandao wa megabiti 1 kwa sekunde, hudai kungoja sekunde 300, yaani dakika 5. Wengi wetu hatuna subira hiyo. Kwa hiyo watoaji wa video huiandaa kila video katika ngazi kadhaa za ubora, mathalani ngazi ya megabiti 0.3, ya 0.7, ya 1.2, ya 2.5 na ya 5 kwa sekunde. Kabla ya kuagiza kila kipande, chombo hutazama kasi iliyopatikana na kiasi cha akiba kilichobaki, kisha huchagua ngazi inayofaa. Hii ndiyo sababu picha huanza ikiwa na ukungu na baadaye ikatakata, au ikiwa safi ikaingiwa na ukungu ghafla.

KWA NINI KIPIMO CHA MWALIMU HAKIKUTOSHA?

Sasa tunaweza kurudi darasani. Megabiti 4 kwa sekunde alizozipata mwalimu zilikuwa wastani. Tuseme kwamba mnara wa simu ulio karibu na shule ulikuwa na watu wengi, na kwa hiyo kompyuta ya darasa ilipata megabiti 8 kwa sekunde kwa muda wa sekunde 30, kisha isipate kitu kwa sekunde 30 zilizofuata, na kuendelea hivyo hivyo. Wastani wake ni megabiti 4 kamili. Tuseme tena kwamba programu ya kuonyeshea video iliagizwa isiweke akiba ya zaidi ya sekunde 20. Katika nusu dakika ya kwanza akiba hujaa upesi, kisha programu huacha kuagiza. Mtandao unaponyamaza, akiba hulisha picha kwa sekunde 20. Sekunde 10 zinazobaki ni za kukwama. Basi katika kila dakika darasa hutazama sekunde 50 na kungoja sekunde 10, ingawa mtandao, kwa wastani, una kasi maradufu ya ile inayohitajika.

Zaidi ya hayo, kushusha ubora wa picha hakusaidii hapa, kwa sababu upungufu si wa megabiti bali ni wa sekunde za akiba. Kama programu ingeruhusiwa kuweka akiba ya sekunde 30, kukwama kungekoma kabisa. Lakini akiba kubwa nayo ina gharama zake. Mtazamaji akiifunga video katikati, vipande vilivyokwisha kupakuliwa bila kutazamwa hupotea, na data yake imekwisha kulipiwa. Katika matangazo ya moja kwa moja akiba kubwa humchelewesha mtazamaji nyuma ya tukio lenyewe. Mpenzi wa kandanda anayetazama kwa simu hujua hasara hiyo, maana jirani mwenye televisheni ya antena hushangilia bao kabla yeye hajaona mpira ukipigwa.

Tena programu nyingi za kupima kasi huchagua kituo cha kupimia kilicho karibu na mpimaji. Hupima kipande kimoja tu cha njia, ilhali video huenda ikatoka mbali zaidi. Ni sawa na kupima barabara ya lami kutoka shuleni hadi mjini, kisha kudhani kwamba safari yote ya kwenda mkoa mwingine itakuwa ya lami.

VIPIMO VINAVYOMHUSU MTAZAMAJI

Wataalamu wa fani hii wamekubaliana kwamba kipimo hakina budi kuchukuliwa pale mtazamaji alipo, yaani ndani ya chombo kinachoonyesha picha. Vipimo vinavyotumika zaidi ni hivi vifuatavyo.

Kwanza, kushindwa kuanza. Katika kila majaribio 100 ya kufungua video, ni mangapi yalishindwa kabisa, au mtazamaji aliondoka kabla ya kuona picha ya kwanza?

Pili, muda wa kuanza. Huu ni muda kutoka mtazamaji anapobonyeza hadi picha ya kwanza inapotokea.

Tatu, kukwama. Hapa hupimwa mambo mawili: idadi ya mara ambazo picha ilikwama, na sehemu ya muda wote iliyopotea katika kukwama. Katika mfano wa darasa letu, sekunde 10 kati ya 60 ni takriban asilimia 17. Idadi na sehemu zote mbili zahitajika, kwa maana kukwama mara moja kwa sekunde 10 si sawa na kukwama mara kumi kwa sekunde moja moja, hasa mwalimu anapokuwa anaeleza kanuni.

Nne, ubora wa picha na mabadiliko yake. Ubora ni jambo gumu kupimwa, kwa sababu hakimu wake ni jicho. Njia ya asili ni kuwakalisha watazamaji katika chumba maalumu, kuwaonyesha picha, na kuwaomba watoe alama kutoka 1 (mbaya) hadi 5 (bora sana), kisha kutafuta wastani wa alama hizo. Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, ulitoa mapendekezo ya namna ya kufanya majaribio hayo kwa picha za televisheni mwaka 1974, katika andiko liitwalo BT.500, na andiko hilo limerekebishwa mara nyingi tangu wakati huo. Kwa kuwa haiwezekani kuwakalisha watu chumbani kwa kila video, zimetungwa kanuni za hesabu za kukisia alama ambayo watu wangetoa. Mojawapo ni VMAF, iliyotolewa na kampuni ya Netflix mwaka 2016, ambayo huilinganisha video iliyobanwa na ile ya awali, kisha huipa alama kutoka 0 hadi 100.

Hata hivyo mwalimu asisahau kwamba ubora hutegemea makusudi. Filamu ya mapigano huhitaji picha safi. Somo la hisabati huhitaji sauti isiyokatika na maandishi yanayosomeka ubaoni. Maandishi yakisomeka, pikseli za ziada ni gharama isiyo na faida.

UMBALI NAO HUCHELEWESHA

Kuna watu wanaodhani kwamba muda wa kuanza hutegemea wingi wa megabiti peke yake. Sivyo. Kabla ya kipande cha kwanza kufika, chombo cha mtazamaji na seva, yaani kompyuta inayohifadhi video, hujibizana mara kadhaa: kutafuta anwani ya seva, kufungua njia, kupatana juu ya usalama, kuomba orodha ya vipande, kisha kuomba kipande chenyewe. Tuseme majibizano hayo ni sita, na kila moja hungoja la kabla yake.

Setilaiti za mawasiliano zinazoonekana kama zimesimama mahali pamoja angani ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Mawimbi ya redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Kupanda na kushuka huchukua karibu sekunde 0.24, na jibu kurudi huchukua muda kama huo. Kila jibizano, basi, ni sekunde 0.48, na majibizano sita ni karibu sekunde 2.9 kabla hata picha moja haijaonekana, hata kama njia ni pana kiasi gani. Katika mkongo wa nyuzi za kioo mwanga husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa umbali wa kilomita 10,000 za mkongo, jibizano moja ni sekunde 0.1 na yote sita ni sekunde 0.6. Na nakala ya video ikiwekwa katika ghala la seva lililomo mjini, kiasi cha sekunde 0.01 kwa jibizano, jumla yake ni sekunde 0.06 tu.

Kwa hesabu hii tunaweza kuelewa badiliko kubwa lililotokea katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Hadi mwaka 2009 sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti kati ya eneo hili na ng'ambo ilipita katika setilaiti. Mwaka huo mikongo ya baharini ya SEACOM na TEAMS ilianza kufanya kazi, ukafuata mkongo wa EASSy mwaka 2010. Tunaweza pia kuelewa yaliyotokea tarehe 12 Mei, 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika baharini siku moja na intaneti ikadhoofika katika nchi kadhaa za eneo hili, Tanzania ikiwa mojawapo. Katika siku kama hizo, video ambayo nakala yake imekwisha kuwekwa ndani ya nchi huwa na nafasi nzuri zaidi ya kuonekana kuliko ile inayosubiriwa kutoka ng'ambo.

SUBIRA YA MTAZAMAJI

Je, kuna haja gani ya kuhesabu hata sehemu za sekunde? Mwaka 2012 watafiti S. Shunmuga Krishnan na Ramesh Sitaraman walichapisha uchunguzi uliotumia kumbukumbu za watazamaji milioni 6.7, waliofungua video mara milioni 23 kwa kupitia seva za kampuni ya Akamai. Waligundua kwamba watazamaji huanza kuondoka muda wa kuanza unapozidi sekunde 2, na kila sekunde inayoongezeka huongeza waondokao kwa asilimia 5.8. Tena mtazamaji ambaye kukwama kwake kulifikia asilimia 1 ya urefu wa video alitazama sehemu iliyopungua kwa asilimia 5 hivi, akilinganishwa na mwenzake ambaye hakukwama. Na wenye mtandao wa kasi kubwa walikuwa wepesi zaidi wa kukata tamaa kuliko wale wa simu. Aliyezoea kupata upesi hachelewi kuudhika.

Njia waliyoitumia inafaa kuangaliwa na kila mwanafunzi wa sayansi. Kuona kwamba waliokwama zaidi walitazama kidogo hakuthibitishi kwamba kukwama ndiyo sababu. Huenda watu hao walikuwa wakitazama video zisizovutia, au walikuwa safarini. Kwa hiyo watafiti waliwaoanisha watazamaji wawili wawili waliofanana: waliotazama video ile ile, kutoka eneo lile lile, kwa aina ile ile ya mtandao, ila mmoja alikwama na mwenzake hakukwama. Tofauti iliyobaki baada ya kulinganisha jozi nyingi namna hiyo ndiyo waliyoihesabu kuwa kazi ya kukwama. Ni jitihada ya kuikaribia maabara pale ambapo maabara haiwezekani.

WASTANI USIOWAHESABU WALIOKOSEKANA

Sasa tumefika kwenye kosa lililo gumu kuliko yote kugundulika. Tuseme mwalimu amewaagiza wanafunzi 10 watazame video ya somo wakiwa nyumbani. Sita walifanikiwa, na muda wao wa kuanza ulikuwa sekunde 1, 1, 2, 2, 2 na 4. Wastani wao ni sekunde 2. Wanne wanaokaa mbali na mnara walingoja, picha haikutokea, wakaacha. Na kwa kuwa video haikuanza, kumbukumbu za seva hazikuwaandikia muda wowote. Mwalimu akisoma taarifa ya seva ataona "wastani: sekunde 2" na kuridhika.

Kisha mwalimu anaiandaa video upya katika ngazi nyepesi zaidi. Safari hii wale sita wanaanza kwa sekunde 1 kila mmoja, na wale wanne waliokuwa wamekosa wanafanikiwa kuanza kwa sekunde 16 kila mmoja. Jumla ni sekunde 70, na wastani ni sekunde 7. Taarifa ya seva itasema kwamba mambo yameharibika: muda wa kungoja umetoka sekunde 2 hadi 7! Hali halisi ni kwamba hakuna hata mmoja aliyepata hasara, na wanne waliokuwa nje ya darasa wameingia.

Msomaji asidhani kwamba hiki ni kitendawili cha vitabuni. Mwaka 2012 mhandisi Chris Zacharias, aliyekuwa amefanya kazi YouTube, alisimulia jambo kama hilo. Ukurasa wa kutazamia video ulikuwa na uzito wa megabaiti 1.2 kabla ya video yenyewe. Yeye aliutengeneza upya, akaupunguza hadi kilobaiti 98. Toleo jipya lilipojaribiwa kwa baadhi ya watumiaji, wastani wa muda wa kufunguka uliongezeka badala ya kupungua. Alikuwa karibu kukata tamaa, hadi takwimu zilipogawanywa kwa maeneo ya dunia. Hapo ilionekana kwamba watumiaji wameongezeka sana kutoka Asia ya Kusini-Mashariki, Amerika ya Kusini, Afrika, na hata pembe za mbali za Siberia. Huko ukurasa mwepesi ulichukua zaidi ya dakika 2 kufunguka. Ule mzito ungechukua zaidi ya dakika 20, na kwa hiyo watu hao hawakuwa wakitazama video kabisa. Walipoanza kuutumia, ndipo kwa mara ya kwanza walipoingia katika hesabu, wakiwa na muda wao mrefu.

Tunajifunza nini? Kwamba wastani peke yake haufai kuaminiwa. Taarifa nzuri hutaja walau mambo matatu. La kwanza ni idadi ya waliojaribu na idadi ya waliofanikiwa: katika mfano wetu, 6 kati ya 10, kisha 10 kati ya 10. La pili ni thamani ya katikati baada ya kuzipanga namba kwa ukubwa, ambayo hapa ilishuka kutoka sekunde 2 hadi 1. La tatu ni hali ya wale walio mwisho wa foleni, ambao hapa walingoja sekunde 16. Namba hizo zikiwekwa pamoja husimulia habari kamili: wengi wamenufaika, wote wamefikiwa, na wanne wangali wanahitaji msaada.

JARIBIO LA DARASANI

Walimu wa fizikia na hisabati wanaweza kulifanya jaribio hili bila chombo chochote isipokuwa simu moja, saa yenye mshale wa sekunde na daftari. Chagueni video fupi ya somo na ngazi moja ya ubora msiyoibadilisha. Itazameni kwa dakika 2 mara kumi asubuhi kabla ya masomo, na mara kumi jioni watu wengi wanapotumia mtandao. Kila mara andikeni: je, ilianza? Ilichukua sekunde ngapi kuanza? Ilikwama mara ngapi, na kwa jumla ya sekunde ngapi? Jaribio lililoshindwa lisifutwe. Liandikwe "ilishindwa" na lihesabiwe.

Pigeni hesabu ya gharama kwanza. Katika ngazi ya megabiti 0.7 kwa sekunde, dakika 2 ni megabiti 84, yaani megabaiti 10.5, majaribio 20 yatatumia megabaiti 210 hivi. Tena angalieni kwamba simu huweza kuhifadhi vipande ilivyokwisha kupokea na kuvionyesha tena bila kuvipakua. Basi futeni kumbukumbu hiyo kila mara, au tumieni video tofauti zenye ubora unaolingana. Mkimaliza, choreni grafu mbili za muda wa kuanza, ya asubuhi na ya jioni, kisha tafuteni wastani, thamani ya katikati na thamani kubwa kuliko zote. Jadilianeni ni namba ipi kati ya hizo ingemfaa zaidi mwalimu anayepanga ratiba ya vipindi.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mwanafunzi anayeona kiduara kikizunguka siku baada ya siku mwisho huacha kubonyeza. Akiacha, namba za seva hupendeza zaidi, kwa maana yeye hayumo tena ndani yake. Kwa hiyo kila mnaposoma taarifa isemayo kwamba huduma fulani ina kasi ya kuridhisha, ulizeni kipimo kilichukuliwa wapi, na kama kilimhesabu hata yule ambaye picha yake haikutokea.